POSTA YA WAJERUMANI NA KARATASI YA BABU: SOMO KUTOKA USITA WA MUI, LAMU



Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri aibu yangu. Tangu nikiwa mtoto wa madrasa, kila Ramadhan baada ya tarawehe tulikuwa tukikaa kwenye baraza za Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, tukila kashata na kubishana mpira mpaka wazee watufukuze. Si mbali na hapo, ukitoka Ngomeni kuelekea Langoni, kuna jengo dogo lenye kibao kinachosema hiyo ni Makumbusho ya Posta ya Wajerumani. Siku moja mgeni akaniuliza, "Wajerumani walikuwa wakifanya nini hapa?" Nikamwambia, "Walikuwa wakituma barua." Akauliza, "Kwa nani?" Hapo nikanyamaza. Mgeni akacheka kwa adabu akaenda zake, na mimi nikabaki na kofia yangu kichwani kama aliyesahau Fatiha katikati ya sala.

Makala haya ni jibu nililotakiwa kumpa siku ile. Na mbele kidogo utaona kwa nini jibu hilo lilikuja kuigusa nyumba yetu wenyewe.

NJIA ILIYOKUWA UFUO

Kwanza tuanze na hiyo njia yenyewe. Leo ukisimama Usita wa Mui huioni bahari, kwani nyumba zimesimama kati yako na gati. Lakini zamani maji yalikuwa yakifika karibu hapo. Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa baada ya vita vya Shela na kumalizika mwaka wa 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji. Katika karne ya 19 watu walijaza ufuo kidogo kidogo, wakajenga upande wa baharini, na ile njia iliyokuwa ya pwani ikawa ndani ya mji. Ndiyo sababu maduka yalijipanga hapo. Mzigo ulikuwa ukishuka jahazini, na hatua chache tu uko mlangoni kwa tajiri.

Ukitazama maduka ya zamani ya mtaa huo utaona mikono miwili. Kuna mkono wa Waswahili wa kale: kuta nene za mawe ya matumbawe, upana kama nusu mita, chokaa nje na ndani, baraza mbele. Na kuna mkono wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja kwa wingi wakati wa masultani wa Zanzibar: duka chini, nyumba juu, na milango ya mbao inayokunjwa, ukiifungua duka zima liko wazi mbele ya mpita njia.

Sasa hebu fanya jaribio dogo. Ukiingia nyumba yoyote ya kale ya Lamu, inua macho utazame dari. Utaona boriti za mkoko zimepangwa bega kwa bega, na juu yake mawe na chokaa. Boriti haiwezi kubeba uzito huo wote ikiwa ndefu sana, kwa hivyo chumba hakipiti upana wa mita mbili na nusu au karibu tatu. Akitaka nafasi zaidi, fundi hupanua kwa urefu, si kwa upana. Hiyo ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Nilikuwa nikidhani ni ubahili wa wazee, kumbe ni hesabu ya mti.

Na chokaa nayo ina elimu yake. Vipande vya matumbawe hupangwa juu ya magogo, vikachomwa, halafu vikamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Chokaa hiyo inapumua. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na chumvi ya bahari, na chokaa huuachia utoke. Ukiufunika kwa simiti, unyevu unafungiwa ndani. Baada ya misimu michache simiti inabambuka na kuondoka na ngozi ya ukuta. Likumbuke hilo, tutalirudia.

BARUA ZA WITU

Sasa tuje kwa Wajerumani. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walianza kuizunguka nchi ya Mto Tana kuanzia mwaka wa 1878. Bara, kaskazini ya mto huo, palikuwa na mji wa Witu, alikokuwa akitawala Sultan Ahmed, maarufu kwa jina la Simba. Huyu alikuwa wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, na alikimbilia huko msituni kwa ajili ya ugomvi wake na masultani wa Zanzibar. Watumwa waliotoroka nao walikuwa wakikimbilia kwake.

Basi Simba alikuwa akitafuta rafiki mwenye nguvu wa kumkinga na Zanzibar, na Denhardt alikuwa akitafuta ardhi. Tarehe 8 Aprili 1885 wakaandikiana, Sultan akampa Denhardt sehemu ya nchi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo serikali ya Ujerumani ikatangaza kuwa Witu iko chini ya ulinzi wake. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipinga, lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake, naye akalazimika kukubali.

Lakini Witu iko bara, haina bandari yake kubwa. Bandari ni Lamu, na kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka wa 1886 Lamu ilibaki ya Sultan wa Zanzibar. Kwa hivyo Wajerumani wa Witu walihitaji mlango katika mji usio wao. Tarehe 22 Novemba 1888 wakafungua posta Lamu, posta ya kwanza ya Kijerumani katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Hata ile ya Zanzibar ilifunguliwa baadaye, mwaka wa 1890.

Hilo ndilo jibu la "kwa nani". Barua zilikuwa zikitoka Witu, zikifika Lamu, zikibandikwa stempu za Ujerumani na kugongwa muhuri wenye jina la Lamu, halafu zikingojea meli kwenda Ulaya. Ndani ya barua mlikuwa na nini? Habari za biashara, ripoti, na mipango ya nchi ambayo wenyeji wake hawakuulizwa.

Tazama basi jengo lenyewe. Hawakusimamisha jumba la matofali lenye paa la kwao. Walifanya kazi yao katika nyumba ya njia ile ile, kama zilivyo jirani zake. Mpita njia aliyekuwa akienda sokoni huenda alidhani ni duka jingine tu limefunguliwa.

Mambo hayakudumu. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba, na Wajerumani wakawaachia Waingereza Witu, huku wao wakipata kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu waliamka asubuhi na kukuta mlinzi wao amebadilishwa. Mwezi wa Septemba Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na mwezi wa Oktoba jeshi la Waingereza likiongozwa na Admirali Fremantle likauchoma mji. Sultan Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, alifariki Januari 1891. Machi 1891 posta ya Lamu ikafungwa. Miaka miwili na miezi michache, yamekwisha. Jengo likabaki, na mwaka wa 1996 likafanywa makumbusho.

Ndugu msomaji, mimi simlaumu Simba kwa kuandikiana. Sisi tuliosoma madrasa tunajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandikiana ni jambo jema. Balaa ni pale karatasi inapoandikwa na upande mmoja unaijua maana yake yote, na upande wa pili unajua nusu. Huko Ulaya karatasi ile ilisomwa kama mlango wa nchi nzima, na miaka mitano baadaye ikabadilishwa kwa kisiwa ambacho hakuna mtu wa Witu aliyepata kukiona.

KARATASI YETU

Sasa nije nyumbani. Babu yangu, Allah amrehemu, alituachia duka dogo huko Langoni. Mbele ni duka, nyuma ni stoo nyembamba, juu vyumba viwili. Kuta za matumbawe, boriti juu. Miaka ya nyuma fundi mmoja aliupaka ukuta wa mbele simiti, na bila shaka umeshajua kilichotokea. Kila msimu wa mvua ukuta unabambuka kama ngozi ya samaki.

Ramadhan iliyopita ami yangu mkubwa alituita sote baada ya tarawehe. Akasema wazi: duka lauzwa. Mnunuzi yupo, anataka kuweka milango ya chuma na kubomoa ndani. Na ami hakuwa na choyo, wallahi. Warithi ni wanane, lakini kila boriti ikioza ni yeye peke yake anayetoa pesa. "Mwapenda historia," akatuambia, "lakini historia hailipi fundi." Tukainamisha vichwa, kwa sababu ni kweli.

Bibi ndiye aliyesema, "Kabla hamjauza, someni kwanza karatasi za bweta." Ndani ya bweta mlikuwa na risiti, picha moja, na waraka uliokunjwa mara nne, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wote wakanigeukia mimi, si ndiye niliyeshinda madrasa miaka kumi na miwili?

Si kazi rahisi. Herufi za Kiarabu hazina "p", hazina "g" yetu, na mwandishi wa zamani hana haja ya kuonyesha kila sauti. Nilikwama kwenye neno moja kwa muda mrefu. Nilisoma "bagho, bagho", na halikuwa na maana yoyote. Shangazi aliyekuwa akikatakata ndimu akasema bila kuinua kichwa, "Pango! Si kodi hiyo!" Basi mlango ukafunguka. Waraka ni wa Ramadhan ya mwaka 1352 Hijria, yaani mwisho wa 1933 kuingia 1934. Baba yake babu anasema, mbele ya mashahidi wawili, kwamba pango la ile stoo ya nyuma ni wakfu kwa maji na taa za msikiti wa mtaa, na kwamba chumba hicho hakiuzwi wala hakirithiwi.

Kimya kilitanda. Stoo ile tulikuwa tukiweka magunia matupu na baiskeli mbovu. Miaka mingapi msikiti haukupata haki yake, Allah ndiye ajuaye. Ami alivua miwani, akaipangusa, akasema, "Basi haliuziki." Hakusema kwa hasira. Nahisi alisema kama mtu aliyeondolewa mzigo mmoja akatwikwa mwingine.

Tulipeleka waraka kwa mwanazuoni, naye akatuambia wakfu ni wakfu. Tukakubaliana kwamba duka la mbele likodishwe kwa mapatano ya maandishi, stoo isafishwe ikodishwe na pango lake liende msikitini, na warithi wote wanane wachange, kila mmoja kwa fungu lake, tukwangue ile simiti tupake chokaa. Nikuambie ukweli, mpaka sasa wamechanga watano. Ukuta umefika nusu. Lakini msikiti umeanza kupata haki yake.

KABLA HUJAFUNGA UKURASA

Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa na serikali kuwa wa kuhifadhiwa mwaka wa 1986, na UNESCO ikautia katika urithi wa dunia mwaka wa 2001. Ni heshima kubwa. Lakini hakuna ofisi itakayokuja kukufungulia bweta la bibi yako. Kibao cha makumbusho kinatueleza barua za wageni waliokaa miaka miwili na kitu. Za waliokaa miaka mia mbili ziko chini ya kitanda, zinaliwa na mchwa.

Kwa hivyo ndugu yangu, Ramadhan hii, baada ya futari, fanya mambo matatu. Tazama dari ya nyumba ya wazee wako, umuulize mkubwa wako nani aliziweka zile boriti. Tafuta karatasi, na kama ni za herufi za Kiarabu usizitupe kwa kuwa huzielewi. Keti na shangazi anayekata ndimu, maana huenda neno lililokukwamisha analo yeye. Na kama unaandikiana na mtu, andika maneno ambayo pande zote mbili zinayaelewa, na uwape mashahidi wayasome.

Na ukipita Usita wa Mui ukamkuta mgeni akiuliza Wajerumani walikuwa wakimwandikia nani, mjibu. Usininyamazie kama nilivyonyamaza mimi.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.