Bi Kidude, somo wa maharusi

Sisi wa visiwani tulioolewa huku Vigwaza, kila tukisikia ngoma ya mwali wa Kikwere uani, tunamkumbuka Fatuma binti Baraka.

Wengi mnamjua kwa taarabu: Bi Kidude, aliyefuata nyayo za Siti binti Saad na kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Hiyo ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni unyago. Alikuwa kungwi. Alijifunga msondo kiunoni kwa kanga, ile ngoma ndefu, akaupiga mwenyewe huku akiimba, na wanawali wakafuata kwa viuno. Mwanamume haingii. Kila mchezo ulikuwa na somo lake: usafi, kukaa na mume, na kwamba mke naye ana haki ya raha. Mambo ambayo mama anaona haya kumwambia mwanawe, kungwi huyasema kwa ngoma. Na hina ya maharusi alipaka pia.

Wapo wanaosema unyago haumfai Muislamu. Sisi tunaona kinachoharibu ni kuuanika: siku hizi sherehe haijaisha, video ishafika kwa wanaume. Kweli, hata yeye aliupandisha jukwaani, na hapo hatukuwa naye.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, akikisiwa kupita miaka 100. Biharusi wa mwaka huu, tafuta somo mtu mzima. Simu zibaki nje.