Msimu wa 2010 wa TP Mazembe katika Historia ya Kongo ya Waswahili

Utangulizi

Mangobo ni mojawapo ya komini sita zinazounda jiji la Kisangani, katika jimbo la Tshopo, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiswahili kiliingia katika eneo hilo kwa misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani na Unguja, na mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Hadi leo Kiswahili na Kilingala vinakutana katika jiji hilo. Kusini zaidi, mjini Lubumbashi, Kiswahili kilikua kwa njia nyingine. Huko kilikuwa lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi ya shaba, waliotoka katika makabila mengi na kuhitaji lugha ya kuelewana. Miji hii miwili ni kama milango miwili ya Kiswahili cha Kongo. Na ni jambo la kukumbukwa kwamba yote miwili iliyavua majina yake ya kikoloni, Stanleyville na Élisabethville, katika mwaka uleule wa 1966.

Makala hii inachunguza msimu mmoja wa klabu ya kandanda iliyotoka katika mlango wa kusini, yaani Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi, mwaka 2010. Katika msimu huo, kwa mara ya kwanza, timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Swali linaloongoza makala ni hili: je, ushindi ule ulikuwa wa kandanda ya Kongo kwa jumla, au ulikuwa wa mji mmoja uliojaliwa mali na utulivu?

Asili ya klabu

Klabu ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto kwa ajili ya vijana wa Élisabethville. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Englebert, ambalo lilikuwa jina la kampuni ya matairi. Sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, iliongezwa baada ya klabu kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1966 bila kushindwa. Jina la Englebert nalo lilitoweka katika miaka ya 1970, wakati utawala wa Mobutu ulipokuwa ukifuta majina ya kigeni, na nafasi yake ikachukuliwa na Mazembe.

Klabu ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967, baada ya kutoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ambayo haikutokea katika mchezo wa marudiano ulioamriwa. Ilitwaa tena ubingwa mwaka 1968 kwa kuishinda Étoile Filante ya Togo, ikawa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo kwa mafanikio. Ilifika fainali mwaka 1969 na 1970 pia, ikashindwa zote mbili. Baada ya Kombe la Washindi la mwaka 1980, klabu haikupata taji lolote la bara kwa miaka 29.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni Moïse Katumbi, mfanyabiashara aliyeshika uenyekiti wa klabu tangu mwaka 1997 na ambaye alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Kwa fedha zake klabu iliweza kuwalipa wachezaji wake vizuri kiasi cha kuwazuia wasikimbilie Ulaya mapema, na kuwasajili wengine kutoka nchi jirani, hasa Zambia. Mwaka 2009 matunda yalionekana. Mazembe iliishinda Heartland ya Nigeria kwa kanuni ya bao la ugenini, ikawa bingwa wa Afrika. Hata hivyo, katika Kombe la Dunia la Vilabu la Desemba mwaka huo, ilifungwa 2-1 na Pohang Steelers ya Korea ya Kusini, kisha 3-2 na Auckland City ya New Zealand. Wengi waliona kwamba timu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Mwendo wa msimu

Msimu wa 2010 ulianza vyema. Mwezi wa Februari, Mazembe iliishinda Stade Malien 2-0 mjini Lubumbashi, ikatwaa Kombe la Ubingwa wa Juu la Afrika. Lakini mwezi wa Mei, katika mashindano ya Kagame mjini Kigali, mchezo dhidi ya APR uliishia kwa vurugu dhidi ya mwamuzi. Trésor Mputu, nahodha na mfungaji tegemeo, pamoja na mwenzake Guy Lusadisu, walifungiwa na FIFA kwa muda unaokaribia mwaka mmoja. Kwa hiyo klabu ililazimika kulitetea taji lake bila mchezaji wake bora kuliko wote. Isitoshe, katikati ya mashindano kocha Diego Garzitto aliondoka, na kazi ikakabidhiwa kwa Lamine N'Diaye wa Senegal.

Pigo la namna hiyo lingetosha kuivunja timu nyingi. Badala yake, Mazembe ilivuka hatua ya makundi, ambamo ilikuwa pamoja na Espérance ya Tunisia, Entente Sétif ya Algeria na Dynamos ya Zimbabwe. Katika nusu fainali iliitoa JS Kabylie ya Algeria, kwa ushindi wa 3-1 nyumbani na sare ya 0-0 ugenini. Tarehe 31 Oktoba ilikutana tena na Espérance, safari hii katika fainali, ikaifunga 5-0 mjini Lubumbashi. Mchezo wa pili, uliochezwa Tunisia tarehe 13 Novemba, uliisha kwa sare ya 1-1. Hivyo Mazembe ikawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa wa Afrika mara mbili katika historia yake.

Kilele kilikuwa Abu Dhabi. Tarehe 10 Desemba, bao la Bedi Mbenza liliiondoa Pachuca ya Mexico. Siku nne baadaye Mazembe ilikabiliana na Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika ya Kusini na mabingwa wa dunia wa mwaka 2006. Wabrazili walishambulia kwa muda mrefu, lakini mlinda mlango Robert Kidiaba aliokoa michomo yao mmoja baada ya mwingine. Katika kipindi cha pili Kabangu alifunga bao la kwanza, na dakika ya 85 Dioko Kaluyituka akafunga la pili. Kidiaba alishangilia kwa mtindo wake wa kurukaruka ameketi chini, na picha hiyo ikaenea duniani kote.

Katika fainali ya tarehe 18 Desemba, Inter Milan ya Italia ilishinda 3-0. Mabao mawili ya Pandev na Eto'o yaliyofungwa katika dakika 17 za mwanzo yaliamua mchezo. Kaluyituka alipewa tuzo ya mchezaji wa pili kwa ubora katika mashindano, nyuma ya Eto'o.

Ushindi ulikuwa wa nani?

Mwaka huohuo Mazembe ilipokuwa bingwa wa Afrika, ubingwa wa Kongo ulichukuliwa na V.Club ya Kinshasa. Jambo hili linaonyesha kwamba kandanda ya nchi ilikuwa na uzito wake hata nje ya Lubumbashi. Hata hivyo, si kila mji ulikuwa na nafasi sawa. Kisangani ina vilabu vyake, kama TS Malekesa na AS Nika, na ina mashabiki wasiopungukiwa na mapenzi. Kilichokosekana ni msingi wa kujengea. Kwa mto, safari ya kutoka Kinshasa hadi Kisangani ni takriban kilomita 1,700. Mnamo Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya jiji kwa siku sita, na raia wengi wakauawa. Tarehe 14 Mei 2002, baada ya maasi dhidi ya kundi la RCD-Goma, wakazi wa Mangobo waliuawa na askari wa kundi hilo. Katika miaka hiyo Lubumbashi ilibaki upande wa serikali, na mwenyekiti wa Mazembe alikuwa tayari ameanza kuijenga upya timu yake.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa lina pande mbili. Ujuzi ulioonekana Abu Dhabi ulikuwa wa Kongo nzima: Mputu na Kaluyituka, kwa mfano, ni wazaliwa wa Kinshasa. Lakini taasisi iliyoukusanya na kuulea ujuzi huo ilitegemea shaba, amani na mfuko wa mtu mmoja. Ndiyo maana ushindi ule haukuweza kuenezwa mahali pengine kwa kuigwa tu.

Hitimisho

Baada ya 2010, uhusiano wa Mazembe na Uswahili wa mashariki ulizidi kuimarika, japo kwa kuanzia na ugomvi. Mwaka 2011 CAF iliiondoa klabu hiyo katika Ligi ya Mabingwa kwa kosa la usajili wa mchezaji mmoja, baada ya malalamiko ya Simba ya Dar es Salaam. Mwaka uleule, Mbwana Samatta alihama kutoka Simba kwenda Mazembe. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa wafungaji wakuu wa klabu iliyotwaa ubingwa wake wa tano wa Afrika, akiishi katika mji ambao Kiswahili chake kinatofautiana na cha Temeke lakini kinaeleweka.

Yapo mambo mawili yanayostahili kutafitiwa. Kwanza, msamiati wa kandanda katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha Kisangani, ambao umechanganyika na Kifaransa na Kilingala, haujalingana na ule wa Dar es Salaam au Nairobi, na unafaa kukusanywa. Pili, wale walioshuhudia ubingwa wa 1967 na 1968 sasa ni wazee. Kumbukumbu zao zinapaswa kurekodiwa katika lugha waliyoitumia kushangilia, kabla hazijapotea pamoja nao.