Ujirani ni Dawa: Kutoka Vijiji vya Rika vya Rungwe hadi Mitaro ya Hananasifu

Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Wahenga walipoisema kauli hii, aghalabu walikuwa wakifikiria msiba na harusi, nyakati ambazo mtu humtambua aliye karibu naye. Lakini kauli hii ina maana nyingine isiyotajwa sana. Jirani, kwa maji anayoyamwaga na kwa shimo analolichimba, ni mmoja wa wanaoamua kama mtoto wa nyumba ya pili atakua au ataugua. Afya ya familia huanzia nje ya mlango wake, na historia ya afya ya watu wetu haiwezi kuandikwa kwa kutaja madaktari na dawa peke yake. Sharti iandikwe pia kwa kutaja majirani.

Wilayani Rungwe, si mbali na mji wa Tukuyu, pako mahali paitwapo Igogwe. Jina hilo linajulikana kwa sababu ya hospitali yake ya misheni, iliyo chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Mbeya. Ni nchi ya migomba, chai na vilima visivyokwisha, iliyokaa chini ya mlima Rungwe wenye kimo cha mita 2,960. Mvua yake ni nyingi mno. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hospitali katika nchi kama hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, hospitali yoyote, kwa maumbile yake, humpokea mtu baada ya ugonjwa kumfika. Ni nani amlinde kabla ya hapo? Wanyakyusa walikuwa na jibu lao hata kabla ya wamisheni wa kwanza kupiga hema katika nchi yao mwaka 1891.

Msafiri Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabishwa na usafi aliouona huko: nyumba zilizojengwa kwa ustadi, nyua zilizofagiliwa, vivuli vya migomba vilivyotunzwa kama bustani. Alidhani ameingia katika nchi ya kufikirika. Macho ya mgeni huona haraka na husifu haraka, lakini usafi ule haukuwa ajali. Ulikuwa na utaratibu nyuma yake, na utaratibu huo ulikuja kuelezwa kwa kina na Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938. Kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1951, Good Company, kilivitangaza duniani vijiji vya rika.

Mwenendo wake ulikuwa hivi. Wavulana waliochunga pamoja ng'ombe wa baba zao, wakifikia umri wa miaka 10 au 11, walitoka katika nyumba za wazazi na kujijengea vibanda vyao pembezoni. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima likipita leo nyumba hii na kesho nyumba ile. Lakini walilala katika kijiji chao wenyewe. Walipooa, wake zao walikuja kukaa hapo. Basi kijiji cha Wanyakyusa hakikuwa cha ukoo mmoja kama ilivyo kwa makabila mengi. Kilikuwa kijiji cha marafiki. Ilipowadia zamu ya kizazi kipya kupokea nchi, mioto ya zamani ilizimwa na moto mpya ukapekechwa, vijana wakakabidhiwa ardhi, na vijiji vyao vikapewa viongozi ambao hawakurithi cheo kutoka kwa baba.

Neno lililobeba maisha hayo ni ukwangala. Maana yake ni kukaa pamoja kwa raha: kula pamoja, kuzungumza, kuwa na adabu na mkono mwepesi wa kutoa. Mtu wa pwani atalielewa neno hilo bila taabu, kwa kuwa analo baraza mbele ya nyumba yake, na anajua kwamba baraza si saruji iliyoinuliwa bali ni wale wanaoikalia. Kwa Wanyakyusa, mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka, na aliyewaudhi wenziwe alihofu kile kilichoitwa pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani wenye haki ya kukasirika, ambayo yaliaminiwa kumletea mkosaji homa na baridi mwilini. Kwa elimu ya leo, homa huletwa na vijidudu. Lakini ndani ya imani ile mlikuwa na hoja moja isiyozeeka, kwamba mtu hawezi kuwa mzima katika mtaa unaougua, wala mtaa hauwezi kuwa mzima ikiwa watu wake hawaulizani.

Haifai kuipaka historia hiyo asali. Ukwangala ulikuwa kwanza raha ya wanaume. Kijiji kilichaguliwa na mume na marafiki zake, mke alifuata. Wazee walioa wake wengi na vijana wakangoja. Pumzi ya watu nayo iliweza kumwangukia asiye na kosa; aliyeshukiwa uchawi alilazimika kubeba mizigo yake na kutafuta kijiji kingine. Ujirani una nguvu ya kuponya kwa sababu una nguvu, na kila chenye nguvu huweza pia kuumiza.

Taratibu hizo zilianza kulegea mbele ya macho ya Wilson mwenyewe. Misheni zilikusanya waumini katika vijiji vilivyochanganya baba na mwana. Kahawa, zao la kudumu, ilimfunga mtu kwenye shamba lake, na ardhi ikawa adimu. Vijana waliondoka kwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, kisha shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye kutafuta kazi mijini. Mjini walikuta jambo ambalo kijiji cha rika hakikuwahi kulijua: mtu kuishi ukuta kwa ukuta na asiyemchagua, katika ardhi asiyokuwa na hakika nayo, kando ya choo kisichokuwa cha mtu.

Serikali ya nchi huru ililiona tatizo hilo na ililikabili kwa njia mbili zilizokuwa zikivutana. Njia ya kwanza ilimwamini mwananchi. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Nyasi zilifyekwa, madimbwi yakafukiwa. Siri ya mafanikio yale haikuwa redio, kwani redio ilikuwa ikihubiri afya siku zote. Siri ilikuwa kile kikundi cha majirani kilichokaa chini baada ya kipindi kwisha na kuulizana: je, sisi tufanyeje?

Njia ya pili ilimwondolea mwananchi madaraka ikidai kumsogezea. Halmashauri za miji zilivunjwa katika mpango wa mwaka 1972 ulioitwa madaraka mikoani, na hazikurejeshwa hadi mwaka 1978. Katika miaka hiyo barabara, mitaro na uzoaji wa taka mijini vilidhoofika, na kipindupindu kikazuka. Wakati huohuo ulianza mradi mkubwa wa viwanja na uboreshaji wa makazi holela, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Manzese ilipata barabara na taa, Sinza na Kijitonyama zikapimwa. Lilikuwa jambo jema kuliko kubomoa, ambako ndiko kulikokuwa desturi kabla ya hapo. Lakini wakazi walipokea mradi kama mtu apokeavyo mvua: walifurahi iliponyesha na wakangoja inyeshe tena. Fedha zilipokatika katika miaka ya 1980, mitaro ikajaa mchanga, kwa kuwa haikuwa na mwenyewe.

Ndipo ilipokuja Hananasifu. Mtaa huu uko wilayani Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, kwenye mteremko unaoangukia bonde la Msimbazi. Watu wapatao 20,000 walikuwa wamebanana humo mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika ardhi isiyopimwa. Kila masika maji yaliingia majumbani, vyoo vikafurika, na kilichokuwa chini ya ardhi kikatokea juu. Wakazi hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaambia kwamba watoto wao wanaugua kwa sababu ya maji hayo. Walihitaji mtu wa kuwasikiliza wanaposema nini kianze.

Mazungumzo yalianza mwaka 1991, na kazi yenyewe ikaanza katikati ya muongo. Wafadhili walikuwapo: Shirika la Kazi Duniani, Umoja wa Mataifa, na baadaye Ford Foundation. Wataalamu walikuwapo pia kutoka Halmashauri ya Jiji na Chuo cha Ardhi. Lakini jambo jipya lilikuwa kamati iliyochaguliwa na wakazi wenyewe, ambayo baadaye ilizaa chama cha maendeleo cha mtaa. Wakazi ndio walioamua kwamba mitaro itangulie. Wakazi ndio walioichimba na kuijenga kwa mikono, wanaume kwa wanawake, wakilipwa ujira ambao vinginevyo ungechukuliwa na kandarasi wa mbali. Waliokuwa na nyumba katika njia ya mtaro walishawishiwa na majirani zao kuachia kipande cha ua, jambo ambalo amri ya serikali isingeliweza bila polisi. Hapo ndipo pumzi ya watu iliporudi kwa sura nyingine. Haikuleta homa safari hii. Ilileta aibu kwa mwenye kuziba njia ya maji, na fahari kwa mwenye kuifungua.

Awamu ya pili ilipokwisha mwaka 2000, mtaa ulikuwa na mitaro, njia zinazopitika na vioski vya maji. Mafuriko yalipungua na madimbwi ya mbu nayo yakapungua. Wanawake walijiunga katika kazi ya kuzoa taka na kuifanya riziki. Hiyo ndiyo habari njema, na imesimuliwa katika mikutano mingi ya wataalamu.

Habari ya pili husimuliwa kwa sauti ya chini. Mtaa ulipopendeza, kodi za vyumba zilipanda. Mwenye nyumba alinufaika mara mbili. Mpangaji, ambaye naye alikuwa ameshika sururu, alijikuta hawezi tena kukaa katika mtaa alioutengeneza. Wapo waliohamia mitaa mingine isiyo na mitaro, wakaanza upya. Na chini kabisa, katika bonde lenyewe, nyumba zilizoendelea kujengwa kando ya mto zilikutwa na mafuriko makubwa ya Desemba 2011, kisha na bomoabomoa ya Desemba 2015. Kamati ya mtaa mmoja huweza kuyaongoza maji ya mtaa wake. Haiwezi kuuongoza mto unaobeba maji ya jiji zima.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kuvuka bahari ili kuupima ukweli huu. Ng'ambo ya Unguja imepangwa na kupangwa upya tangu mpango wa Lanchester wa mwaka 1923, na mara nyingi waliopanga hawakuwa wakaao. Majumba ya Michenzani yaliyoinuka baada ya Mapinduzi yaliwapa watu maji ya bomba na kuta imara, neema ambayo hakuna wa kuikana. Lakini ili yasimame, vichochoro vilibomolewa, na pamoja navyo mabaraza ambako mgonjwa aliulizwa hali kabla hajaulizwa na daktari. Neema ya bomba inahesabika kwa urahisi. Hasara ya baraza haina kipimo, basi huandikwa sifuri.

Kutoka Rungwe hadi Msimbazi, historia hii inafundisha jambo moja lenye pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba mtaa hupona pale wakazi wanapokuwa waamuzi na si wapokeaji tu. Choo kilichoamuliwa katika kikundi cha mwaka 1973 na mtaro uliochimbwa Hananasifu vilikuwa na wenyewe kwa sababu vilitanguliwa na mazungumzo ya majirani. Serikali na mfadhili wana kazi yao, tena kubwa, na mto hauwezi kuzuiwa kwa ukwangala. Lakini kazi hiyo haisimami isipokuwa juu ya mtaa unaojijua.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Kila neno "sisi" lina mlango, na mlangoni daima huwapo mtu aliyeachwa nje. Katika kijiji cha rika aliyeachwa alikuwa mwanamke, na pamoja naye mshukiwa wa uchawi aliyeondoka usiku. Katika mtaa ulioboreshwa aliyeachwa ni mpangaji. Mtaa wa kesho hautapimwa kwa urefu wa mitaro yake peke yake. Utapimwa kwa swali la kama yule aliyeichimba bado anakaa kando yake, na kama mtoto wake ni miongoni mwa wale waliokua.