Nishati ya kupikia Kasulu na Kibondo

Nishati ya kupikia Kasulu na Kibondo ni kuni, mkaa, gesi na mafuta ya taa yanayotumika majumbani katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, Tanzania. Nyumba za huko kwa kawaida hazina vifaa vya kupasha joto; asubuhi za baridi watu huota moto uleule wa mafiga wanaopikia, faida ambayo jiko la gesi halina. Kuni hutawala vijijini na katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Kasulu, iliyoanzishwa 1996) na Nduta (Kibondo), ambako utafutaji wake umezua migogoro na wenyeji. Mafuta ya taa yalipanda bei kodi yake ilipoongezwa 2011 ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Gesi ya mitungi, hasa ya kilo 6 na 15, huagizwa nje na kupokelewa bandarini pwani; si gesi asilia ya Songo Songo, ambayo bomba lake halifiki Kigoma. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034.