Siri ya Mlangoni: Kutoka Simu ya Waya ya Tanga hadi Seva ya Proksi

Mawasiliano ya Tanga na dunia ya mbali yalianza kwa kupitia mikono ya mtu wa kati, kwa kuwa kebo ya bahari ya mwaka 1879, iliyounganisha Aden na Afrika Kusini, ilitua Zanzibar, na hata Wajerumani walipotandaza waya wa nchi kavu kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, simu zao za maandishi za kwenda Ulaya ziliendelea kupita katika mitambo ya kampuni ya Kiingereza kisiwani humo. Serikali na wafanyabiashara wa zama hizo, wakichelea macho ya karani wa katikati, waliandika kwa mafumbo ambayo ufunguo wake ulikuwa kwa mpelekaji na mpokeaji peke yao.

Intaneti imezusha hatari ya upande wa pili: si tena mtu wa kati kuisoma siri ya wawili, bali siri aliyopewa wa kati kumfikia wa mbali. Seva ya proksi, yaani kompyuta inayopokea maombi ya watumiaji wa ofisi au chuo na kuyafikisha nje, huweza kudai jina na nywila, nazo huwekwa katika kichwa cha ujumbe kilichoingizwa katika kanuni za wavuti mwaka 1997. Tovuti ikiwa ya kawaida, proksi hukisoma kichwa hicho na kukiondoa. Lakini tovuti ikiwa na ulinzi wa HTTPS, proksi hufungua njia iliyofumbwa ambayo yenyewe haiwezi kuona ndani yake, hivyo programu ikikosea na kuituma nywila humo, seva ya mbali huipokea, na kwa njia ya uthibitisho wa msingi nywila hiyo imebadilishwa maandishi tu, haikufichwa.

Kosa hilo lilikuwamo katika programu ya curl hadi liliporekebishwa katika toleo la 7.10.7 la mwaka 2003, na miaka ishirini baadaye likaonekana katika maktaba ya Python iitwayo Requests, ambayo ilirekebishwa Mei 2023 kwa toleo la 2.31.0, baada ya kubainika kwamba ombi lililoelekezwa upya kwenye anwani ya HTTPS liliweza kuibeba nywila ya proksi hadi mwisho wa safari.

Kwa hiyo msimamizi wa mtandao, awe Tanga, Pangani au Muheza, anawajibika kusasisha programu zake na kuipa proksi nywila isiyotumika penginepo, kwani siri aliyopewa bawabu imekusudiwa kuishia mlangoni.