Juu ya nini piloti anasoma karatasi mbele ya kuwasha ndege

Wale wananijua wanajua pia ugonjwa wangu. Usiku, wakati kuranti inarudi, wengine wanafungua filme, mimi ninawasha ndege ya vita. Si ndege ya kweli, ni programu ya ordinateri yenye kuiga ndege ya kweli mpaka swichi ya mwisho, ile wanaita simulateri. Ndege yangu ni F-16. Ninaikuta imezimika kabisa, baridi, bila taa hata moja, na mimi ninakaa mbele ya kioo na karatasi nne za fotokopi. Ninasoma mstari, ninagusa swichi, ninangojea, ninasoma mstari wenye kufuata.

Siku moja mdogo wangu wa miaka 16 alisimama nyuma ya kiti changu, akavumilia kwanza, kisha akasema: «Yaya, hii ndege itaruka leo ao kesho?»

Nilicheka. Lakini alikuwa na haki. Katika hii programu kuna namna ya mkato: unafinya vidole viwili kwa klavye, na ndege inajiwasha yenyewe, swichi moja kisha ingine, unaangalia tu. Sasa juu ya nini nijisumbue na karatasi? Nilijua kujibu «njo namna mapiloti wa kweli wanafanya», lakini hiyo si jibu. Nilianza kutafuta hiyo karatasi ilitoka wapi, na nilijikuta Marekani, mwaka 1935.

Wakati ule jeshi la Marekani lilikuwa linatafuta ndege mpya ya kutupa mabomu, yenye kwenda mbali kupita zile walikuwa nazo. Kampuni tatu ziliingia katika mashindano: Martin, Douglas na Boeing. Zile mbili za kwanza zilileta ndege za moteri mbili. Boeing walileta ndege ya moteri nne, walioita Model 299. Iliruka mara ya kwanza tarehe 28/7/1935 kule Seattle. Mwezi wenye kufuata, piloti wao mkubwa wa majaribio, Leslie Tower, aliitoa Seattle mpaka uwanja wa Wright Field, karibu na mji wa Dayton, katika Ohio. Safari ya kilometa zaidi ya 3,000, waliimaliza kwa saa 9 hivi bila kutua fasi. Wale wa kampuni zingine walipoona vile, walijua mashindano yamekwisha.

Tarehe 30/10/1935 asubuhi, walipanda watu watano. Kwa usukani alikuwa Meja Ployer Hill, mkubwa wa mapiloti wa majaribio wa jeshi pale pale Wright Field. Tower alikuwa nyuma yake. Kama mngetafuta Marekani yote watu wawili wenye kujua mambo ya ndege, mngefika kwa hao ao kwa watu sawa nao. Ndege ilikimbia vizuri, ikaacha udongo, ikainua pua. Na pua ikaendelea kupanda. Ikapanda kupita kipimo, ndege ikakosa mwendo, ikalalia bawa, ikaanguka na kushika moto. Hill alikufa siku ile. Tower alikufa hospitali, majuma machache nyuma.

Wapelelezi walitafuta moteri iliyoharibika, hawakuipata. Hakuna kitu kilivunjika mbele ya kuanguka. Kilichopatikana ni kifungio.

Niwaeleze. Ndege ikilala inje, upepo unatikisa yale mabapa ya mkia na ya mabawa yenye kuongoza ndege, na yakitikisika sana yanaharibika. Juu ya ile, wanayafunga. Kwa ndege ndogo za zamani, mtu alikuwa anaweka vipande vya mbao kwa mkia, na kila mtu aliviona. Model 299 ilikuwa na mkia mkubwa, basi Boeing waliweka kifungio cha ndani, chenye kufungwa na kufunguliwa na piloti mwenyewe akiwa kwa kiti chake. Ilikuwa kitu kipya. Ile asubuhi kilibaki kimefungwa. Hill alivuta usukani wa mkia mgumu kama ukuta, na wakati walianza kuelewa, nafasi ya kurekebisha ilikuwa imepita.

Hapa njo fasi ninapenda mufikiri kidogo na mimi. Kama Hill angekuwa piloti mubaya, jambo lingekuwa rahisi: tafuta piloti muzuri, ao ongeza miezi ya masomo. Lakini mtu alikuwa tayari wa juu kabisa. Ungemfundisha nini tena? Kufungua kifungio alijua. Lakini ndege ya moteri nne ilikuwa na mambo mengi sana ya kuangalia kwa wakati mmoja, na kati ya yale mengi, moja lilianguka kutoka kichwa.

Boeing walipoteza mashindano. Jeshi lilinunua ndege 133 za Douglas, zile B-18. Lakini wakubwa fulani waliendelea kuamini ile ya moteri nne, na Januari 1936 wakaagiza 13 za kujaribia. Mapiloti wenye kupewa hizo walijua: ingine moja ikianguka, hadisi imekwisha. Wakaandika karatasi. Mambo ya kuangalia mbele ya kupanda, wakati wa kuruka, mbele ya kutua na kisha kutua. Maneno mafupi sana, hakuna maelezo, juu wenye kusoma wanajua tayari maelezo. Mambo ya kila mtu anajua, njo yaliandikwa. Ndege ile tunaijua leo kwa jina la B-17, na mpaka mwisho wa vita ya pili ya dunia zilitengenezwa 12,731.

Sasa mtasema, karatasi ilitoka wapi tumeelewa, lakini ilifika namna gani kwa kijana wa Lubumbashi mwenye mashini ya okazyo? Njia yake pia ilipita kwa vifo. Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na ogani katika New York, alichukua vitu vya ogani, yale mapampu ya hewa, na mwaka 1929 alikuwa tayari ametengeneza kisanduku chenye kuyumba sawa ndege. Watu walikiona mchezo wa sikukuu. Kisha, mwanzo wa 1934, jeshi lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, usiku, katika baridi na ukungu, na mapiloti zaidi ya 10 walikufa katika miezi michache. Njo jeshi likanunua vile visanduku 6 vya Link. Kufia ndani ya kisanduku, unaamka, unaanza tena.

Hapa kwetu pia hiyo historia ilitia mguu. Miaka ya 1950 Wabelgiji walikuwa na shule ya kijeshi ya mapiloti kule Kamina, wakijifunza na ndege za Harvard. Ndege ilikuwa na moteri moja tu, lakini dunia nzima ya ndege ilikuwa imekwisha kuingia katika mazoea ya karatasi. Mara nyingi ninafikiri juu ya wazee wa Kamina wenye walikuwa wanaona ndege zinasimama, moteri inalia, na mzungu ndani anageuza usukani huku na huku bila kwenda fasi. Walifikiri nini?

Nirudi kwa ordinateri. Michezo fulani ya kwanza ya ndege ilikuanzisha ukiwa tayari hewani. Mnamo Desemba 1998 ilitoka Falcon 4.0, ya F-16, na ndani yake unaweza kuanza ndege ikiwa imezimika pale inasimama. Kitabu chake kilikuwa kikubwa kama silabusi ya mwaka mzima. Kisha watu wa Eagle Dynamics walitoa helikopta ya Kirusi Ka-50 mwaka 2008, na 2011 ndege A-10C, yenye ilitokana na kazi walifanya kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani wenyewe. Kutoka pale, swichi karibu zote zinafanya kazi, na ukizikosea mpangilio, ndege inakuazibu.

Inakuazibu kweli. Kuwasha moteri ya F-16 kunaanza na moteri ndogo ya kuzungusha ile kubwa. Hiyo ndogo inaamshwa na nguvu ya mafuta yenye kukandamizwa ndani ya chupa za chuma, na ukizimaliza bure, watu wa chini wanapaswa kuzijaza tena kwa kupampu na mikono. Kisha unangojea mzunguko ufike 20 kwa mia mbele ya kusukuma mkono wa mafuta. Mara ya kwanza mimi sikungojea. Nilimimina mafuta wakati hewa ndani ya moteri iko kidogo, joto likapanda, nikaunguza moteri kwa uwanja, bila adui, bila hata kutembea meta moja. Ingine siku niliondoka mbele ya kile chombo chenye kuhesabu ndege iko fasi gani kumaliza kujipanga. Chombo kinaomba dakika 8 hivi bila kutikisika, juu kinapima namna dunia inazunguka. Mimi nilimpa 3. Hewani, karta ilinionyesha niko fasi yenye sikuwa. Na mara ingine nilingojea dakika zote 8 kwa heshima, ya 8 kuranti ikakatika. Kwa hiyo hakuna karatasi ya kusaidia.

Lakini kuna mstari moja wenye nilikuwa ninauruka, siwafiche. Ni ule wa kuzungusha usukani mpaka mwisho wa kila upande na kuangalia kama mkia na mabawa yanafuata. Niliona ni bure. Kwa programu, nani atasahau kifungio? Sikuwa bado najua hadisi ya Hill, na ilinifikia kwanza kwa njia ingine, yenye haya.

Mwaka nilimaliza lisansi, nilipata kazi kidogo katika nyumba moja ya fotokopi na intaneti. Kulikuwa grupu, na papa mwenye kuitunza alikuwa ameandika kwa ukuta, kwa kalamu nzito, mistari sita: mafuta, oili, dijonktere chini, washa, ngojea, dijonktere juu. Alifika darasa la tano tu. Mimi, mwenye lisansi ya umeme, ile ukuta ilinichekesha. Magaribi moja kuranti ilienda, kulikuwa wateja wengi, papa alikuwa ametoka. Nilikimbia, nikawasha. Dijonktere ilikuwa juu. Grupu ilianza kuzunguka ikiwa na mzigo wa nyumba yote, kuranti ikapanda na kushuka vibaya, na ordinateri mbili zikatoa moshi. Nililipa miezi mine, nusu ya mshahara.

Papa aliporudi hakulalamika. Alisimama mbele ya ukuta, akauliza: «Mwanangu, haukuona haya maandishi?» Nikamujibu: «Papa, niliyajua kwa kichwa.» Alitikisa kichwa, akaenda kufungua grupu aangalie kama haikuharibika. Nilikaa pale nikiwa na diplome yangu, na ninaweza kuwaambia ninajua kabisa Hill alikufa namna gani, juu na mimi nilijua.

Sisi wasomi wa huku tumelelewa na kukariri. Kutoka shule ya msingi mpaka iniversite, mwenye kusoma kwa karatasi mbele ya wengine anaonekana hajui. Daktari akifungua kitabu mbele ya mgonjwa, mgonjwa anaogopa. Enjiniya akitoa listi, wafanyakazi wanachekelea pembeni. Minaona hiyo inatugharimu vitu vingi kupita ordinateri mbili.

Na musifikiri kama mambo ya kifungio yalikwisha 1935. Tarehe 31/5/2014, usiku, kule Bedford katika Massachusetts, ndege ya matajiri, Gulfstream IV, ilikimbia kwa kiwanja bila kuweza kupanda, ikatoka mwisho wa njia, ikashika moto. Watu 7 walikufa, wote wenye walikuwa ndani. Kifungio cha usukani kilikuwa kimefungwa. Mapiloti wawili walikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na karatasi walikuwa nayo. Wapelelezi walifungua kile chombo chenye kuhifadhi habari za ndege, wakahesabu safari 175 za nyuma: katika 98 kwa mia ya hizo, hawakufanya ukaguzi kamili wa usukani. Mara zote hizo ndege ilikubali kuruka.

Ile habari niliisoma usiku, nikiwa na mashini wazi. F-16 ilikuwa imesimama, moteri inazunguka, na chombo kilikuwa kimebakiza dakika 2. Nilishika usukani wangu wa plastiki, ule wa okazyo wenye kulia kidogo upande wa kuume, nikauvuta mpaka mwisho, nikausukuma, kuume, kushoto, nikageuza kichwa ndani ya kioo kuangalia mkia. Mkia ulifuata. Mdogo wangu alikuwa bado pale.

«Sasa ulikuwa unafanya nini?»

Nikamvutia kiti, nikamuambia akae, nikazima ndege yote, na nikamupa karatasi ya kwanza asome.