Kipimo cha Damu na Ugonjwa wa Malengelenge Katika Nchi ya Geita na Shinyanga

Wasomaji wetu wengi wa Geita, Kahama na Shinyanga wakumbuka jinsi waganga watafiti walivyofika kwetu katika miaka ya baada ya 2000, watu wakatolewa damu, na chupa ndogo zikachukuliwa kwenda kupimwa. Wengi waliuliza: Damu hii inakwenda kusomwa nini? Tena katika mabaraza ya ndoa tumesikia cheti cha hospitali kikitolewa kama shahidi, ikasemwa, "Tazameni, imeandikwa hapa, basi mwanamke huyu amezini." Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari za kipimo kimoja, yaani kile cha malengelenge ya sehemu za siri, jinsi kilivyopatikana, na neno gani kiwezalo kulisema.

Virusi vya ugonjwa huu ni vya jamaa kubwa. Tetekuwanga ya watoto, na mkanda wa jeshi uwapatao wazee, vyatoka kwa ndugu mmoja wa jamaa hiyo. Ndugu mwingine alionekana London mwaka 1964, wakati Epstein, Achong na Barr walipotazama kwa hadubini ya elektroni chembe za uvimbe wa taya zilizotoka Uganda, uvimbe ule ambao Denis Burkitt, mganga mpasuaji wa Kampala, alikuwa ameueleza. Wote wana tabia moja: wakiisha kuingia mwilini hawatoki tena, hujificha, kila mmoja mahali pake. Wale wa malengelenge hukaa ndani ya mishipa ya fahamu, na huenda wakakaa kimya miaka mingi.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kupima. Malengelenge yana aina mbili. Aina ya kwanza aghalabu hutoa vidonda vya mdomo, na katika nchi zetu watu wengi huipata tangu utoto, pasipo kosa lo lote. Aina ya pili ndiyo hasa ya sehemu za siri. Mwaka 1962 Mjerumani Schneweis alionyesha kwamba aina hizi ni mbili kweli. Lakini zafanana mno, hata kingamwili ambazo damu hutengeneza kupigana na moja hushika nyingine pia. Vipimo vya kwanza, basi, vilimhesabu mwenye kidonda cha mdomo pamoja na mwenye cha siri. Mpaka miaka ya 1980 ndipo ilipopatikana protini moja ya ganda la virusi, iitwayo G, ambayo ya aina ya pili si sawa na ya aina ya kwanza.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Pana sahani yenye vishimo vidogo 96, na kila kishimo kimepakwa protini hiyo. Maji ya damu hutiwa humo. Ikiwa yana kingamwili zake, zitanata. Kisha husafishwa, hutiwa kitu kingine kishikacho kingamwili za binadamu, na mwisho dawa ya rangi. Rangi ikitokea, mashine huipima ukali wake na kutoa hesabu. Lakini tangu hesabu gani mtu aambiwe anao? Mpaka huo huwekwa na watu, nasi tutaurudia.

Katika nchi yetu ya Ziwa habari hizi ziliingia kwa njia ya UKIMWI. Toka mwaka 1991 hata 1994, katika mkoa wa Mwanza, ambao Geita ilikuwa wilaya yake wakati huo, watafiti walichagua jumuiya 12 za vijijini. Katika 6 waliimarisha matibabu ya kaswende, kisonono na magonjwa ya namna hiyo. Baada ya miaka miwili walioambukizwa UKIMWI upya walikuwa 48 penye matibabu, na 82 pasipo matibabu hayo, ingawa hesabu ya watu ilikaribiana. Sifa zake zilienea duniani. Lakini malengelenge hayakuwamo katika dawa zile. Kidonda cha siri kilidhaniwa kuwa kaswende au pangusa; mtu alichomwa sindano au akanywa mizizi, na malengelenge, ambayo hupona yenyewe kwa siku chache, yakapona. Twadhani sifa nyingi za mizizi, na za sindano pia, zilipatikana hivyo.

Kisha dhahabu ikarudi. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966; mgodi mkubwa mpya ulianza kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Wageni wakaja, na baa na nyumba za wageni zikajengwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 juu ya jumuiya zilizo jirani na migodi mipya ulikuta UKIMWI kwa wanawake 42 katika kila 100 wa baa na nyumba hizo, na kwa wafanyakazi wa mgodi 6 tu, pungufu hata ya wanakijiji wa kawaida. Jambo hili lawapasa kulifikiri wale wanaowalaumu wachimbaji peke yao.

Basi watafiti wakauliza: Tukiyatuliza malengelenge, je, UKIMWI utapungua tena? Katika kaskazini-magharibi ya Tanzania walipima damu za wanawake wa kazi hizo wenye umri wa miaka 16 hata 35, wakawapata 821 wenye alama ya aina ya pili lakini wasio na UKIMWI. Wanawake 400 walipewa asiklovia, miligramu 400 mara mbili kila siku. 421 walipewa vidonge visivyo na dawa, wala hakuna aliyejua amepewa vipi. Kila miezi mitatu walionwa katika kliniki za kuhamahama. Majibu yalitangazwa mwaka 2008: walioambukizwa UKIMWI walikuwa 27 upande wa dawa, na 28 upande wa pili. Dawa haikuzuia. Mwaka ufuatao watafiti wa Seattle, Marekani, walionyesha sababu mojawapo: hata kidonda kikiisha kupona, na hata dawa ikitumiwa, chembe za damu ambazo UKIMWI huziingia hubaki zimekusanyika mahali pale kwa majuma mengi.

Wanawake wale hawakupata kinga waliyoitumaini, lakini twawiwa nao shukrani, maana walijitoa wapimwe, na majina mabaya waliyopewa mitaani twayajua.

Sasa turudi kwenye ule mpaka. Mwaka huo huo wa 2008, watafiti wa Rakai, ng'ambo ya Ziwa katika Uganda, walilinganisha kipimo cha vishimo na kipimo kigumu zaidi, kinachotandaza protini za virusi moja moja. Wakaona kwamba kwa mpaka uliowekwa na watengenezaji, baadhi ya watu waliambiwa wanao ugonjwa nao hawana. Mpaka ulipopandishwa juu, makosa yalipungua. Tena kipimo, hata kikiwa sahihi, husoma kingamwili tu. Hakisemi virusi viliingia mwaka gani, wala kwa nani. Huenda viliingia kabla ya arusi, vikanyamaza. Na majuma ya kwanza baada ya kuambukizwa hakioni kitu, kwa kuwa kingamwili hazijawa tayari.

Kwa hiyo mzee wa baraza aletewapo cheti cha namna hii, na aulize kwanza hesabu ilikuwa ngapi. Kama ilikaribia mpaka, damu ipimwe tena kwa njia nyingine kabla mke au mume hajaitwa kujibu neno.